Siku ya 17: Mashetani wamefungwa, jina la jirani limetoka wapi?



Ndugu zangu, leo ni siku ya 17, na najua mlikuwa mnangoja maneno juu ya Badr kama kila mwaka. Nimeshayaandika, yako tayari, lakini nimeyaweka mpaka kesho. Nitakwambieni sababu.

Jana nimetoka Tarawehe, nimefungua simu, nikakuta ujumbe mmoja nimerushiwa na watu sita. Wanne kati yao wako humu ndani ya chaneli. Ni sauti ya mwanamme asiyejitaja jina, dakika tatu na kitu. Anasema kuna kiumbe kinatembea usiku, kinaingia nyumba iliyofungwa kwa komeo, kinakaa juu ya kifua cha mtu mpaka anashindwa hata kutoa shahada. Halafu anasema kiumbe hicho kina mwenyewe, kinafugwa, na anayekifuga ni bibi aliye kwenye picha hapo chini. Anamalizia: wape khabari hii watu 10, usipowapa, usiku wa leo ni zamu yako.

Picha ni ya mwanamke mtu mzima kakaa barazani kwake, kanga begani, ungo mapajani, anachagua mchele. Haangalii kamera. Naona hakujua kama anapigwa picha.

Katika hao sita, watatu wamenirushia bila ya neno. Mmoja kaweka alama ya kushangaa. Mmoja kauliza, "Shehe, hii ina ukweli?" Na wa sita kaandika hivi: "Lakini uchawi si upo kwenye Qur'an, shehe?"

Suala hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi mpaka wakati wa daku. Nishawahi kuulizwa karibu kwa maneno hayo hayo, nikajibu sawasawa kama nilivyosomeshwa, na jawabu langu likamtoa mtu nyumbani kwake. Nitafika huko. Nivumilieni kwanza nianze na utoto.

Ramadhani ya mwaka 1415 Hijria, Februari 1995, nilikuwa na miaka 12, niko Pemba, asubuhi skuli na jioni chuoni. Wakubwa kati yenu hamna haja ya kuelezwa. Wadogo mmelisikia jina tu, Popobawa, na sasa mnalifanyia mzaha. Wakati ule hapakuwa na mzaha. Khabari ilianza kwetu Pemba, ikahamia Unguja, ikavuka maji mpaka Dar es Salaam. Ilisemwa kwamba ni kitu kinachokuja usiku, kivuli chake kina mbawa kama popo, kinawakandamiza watu wamelala na kuwafanyia jambo la fedheha, wanaume kwa wanawake. Watu waliacha vitanda vyao. Tulilala nje, ukoo mzima na majirani, majamvi yamepangwa ubavu kwa ubavu, moto katikati, wazee wanakesha kwa zamu na Yasin mkononi. Harufu ya moshi ule ilikaa kwenye shuka zetu mpaka sikukuu. Na nikwambieni ukweli, kwa sisi watoto ilikuwa raha. Hatukupata kabla yake kulala nje na binamu zetu wote, tukala daku pamoja kwenye sinia moja.

Jioni moja chuoni nikamuuliza mwalimu wangu, Mungu amrehemu: "Maalim, si umetufundisha kwamba Ramadhani ikiingia mashetani hufungwa minyororo? Sasa huyu katoka wapi?" Wenzangu wakacheka. Maalim hakucheka wala hakunipiga, na bakora ilikuwa mkononi. Alinitazama kwa muda, kisha akanambia, "Rudi kwenye msahafu wako." Nilidhani nimemshinda. Siku hizi nafikiri naye alikuwa na khofu kama sisi, na hakutaka kusema uongo mbele ya watoto.

Hadithi ya minyororo ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim, na wanavyuoni wameieleza kwa njia kadhaa. Wapo waliosema wanaofungwa ni wale waasi wakubwa tu. Wapo waliosema ni kupungua kwa nguvu zao juu ya mtu anayefunga kikweli. Sitaki kuingia huko leo. Ninachotaka mkikumbuke ni kwamba miezi ile ile ya 1995, Unguja, kijana mmoja mwenye maradhi ya akili, aliyekuja kutoka bara kutafuta matibabu, aliangukia mikononi mwa kundi la watu. Wakasema ndiye. Wakamuua. Popobawa mwenyewe hakuna aliyepata kumuonesha mwenzake mpaka leo. Maiti ya kijana yule iliweza kuonwa na kila aliyetaka.

Na kuna jambo jengine la wakati ule ambalo nilikuwa nimelisahau, jana likanirudia. Ilisemwa kwamba Popobawa humuamrisha aliyemfikia awasimulie wenzake, na akinyamaza humrudia. Ndiyo maana watu wazima, wenye heshima zao, walikuwa wakisimama mbele za watu na kusimulia jambo ambalo kwa desturi yetu mtu angekufa nalo moyoni. Sasa rudi kwenye ile sauti ya jana: wape watu 10, usipowapa ni zamu yako. Miaka thelathini na kitu imepita, kilichobadilika ni chombo. Zamani ilibidi mtu atembee na miguu yake mpaka barza ya jirani, na njiani pengine akutane na mwenye akili akamwambia rudi nyumbani. Leo ni kidole tu, na mtu bado kalala.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, na Muslim kaipokea mwanzoni mwa kitabu chake, kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Isome tena polepole. Kila anachokisikia. Kuzua ni dhambi nyengine, ina mlango wake.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na hadithi za kale. Bibi yangu mzaa mama alikuwa bingwa. Paukwa, pakawa, na hapo yanaanza mazimwi, vibwengo vya baharini, kinyamkera anayepita na kimbunga cha vumbi mchana wa jua kali. Tulijifunika gubigubi na bado tunamwambia aendelee. Nimesomesha Kiswahili skuli miaka mingi kabla ya kupewa msikiti, na ngano nimezisomesha kwa furaha. Wapo wazazi waliokuja kunilalamikia, ati nawafundisha watoto ushirikina. Niliwajibu kwamba mtoto wa miaka sita anajua kama zimwi halikai Chake Chake. Zimwi lina makaazi yake, huko porini, hapo zamani za kale. Lina dalili zake. Likifa, hadithi imekwisha na mtoto analala. Na katika ngano zote alizotupa bibi, hata moja haikuwa na jina la mtu wa mtaani kwetu.

Ngano ile iliichukua khofu ikaiweka mbali, tukaitazama tukiwa tumekaa miguuni mwa bibi. Uvumi unaichukua khofu hiyo hiyo na kuitafutia nyumba na mlango. Na tazameni mambo yalivyogeuka: bibi aliyekuwa akisimulia, leo ndiye anayesimuliwa.

Haya, sasa lile suala. Uchawi si upo?

Upo. Sikuja hapa kukwambieni vyengine. Surat al-Baqara, aya ya 102, inasimulia mashetani waliowafundisha watu uchawi, na Harut na Marut kule Babil, na watu waliojifunza kitu cha kumtenga mtu na mkewe. Mtume (s.a.w.) kauhesabu katika yale saba yanayoangamiza. Lakini wengi wetu aya ile tunaichukua katikati yake tu. Mwanzoni inamsafisha Nabii Sulaiman, kwamba yeye hakukufuru, waliokufuru ni mashetani. Na baadaye inasema kwamba hawamdhuru yeyote kwa uchawi huo ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Kwa hivyo aya hii tunayoikimbilia kila tukitaka kumnyooshea mtu kidole, ndani yake mna utetezi wa mtu aliyesingiziwa. Miaka mingi nimeisoma bila ya kuliona hilo.

Na hilo saba linaloangamiza, lisome lote. Uchawi umo. Kuua nafsi bila ya haki kumo. Kuwasingizia wanawake waliojihifadhi, wasio na khabari na hayo wanayosingiziwa, nako kumo. Ni kweli kwamba mafakihi wameliweka hilo la mwisho kwa tuhuma ya zinaa, sisemi kwamba hukumu ni moja. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuogopa moja katika orodha huku anatembea na mengine mawili mfukoni.

Sasa lile langu.

Ni miaka tisa imepita. Mtaa sitautaja. Mtoto wa miaka minne alikufa kwa homa ya siku mbili. Nyumba ya tatu kutoka kwao alikuwa akikaa bibi mjane, peke yake, mkali wa maneno, hapendi mpira upigwe kwenye ukuta wake. Kiasi cha wiki moja kabla ya msiba alimfukuza yule mtoto na wenzake akawaambia, "Mtaona!" Neno hilo tunalisema sote mara kumi kwa siku. Lakini mtoto akafa, na neno likakumbukwa.

Walinijia wanaume wanne baada ya Isha, mmoja wao baba wa marehemu. Hawakutaja jina la mtu. Waliuliza tu: "Shehe, uchawi upo au haupo?" Mimi nilikuwa imamu mpya, nina elimu yangu ya chuoni na diploma yangu ya ualimu, nikaona hapa ndipo pa kuonesha. Niliwasomea aya. Niliwatajia hadithi. Niliwaeleza na khitilafu za wanavyuoni, kama uchawi ni kiini macho tu au una athari ya kweli. Robo saa nzima. Wakasema, "Ahsante, shehe," wakaondoka.

Nilijua wanamzungumza nani. Mtaa mzima ulijua. Hicho ndicho ambacho sijapata kukisema hadharani mpaka leo.

Wiki ile mlango wa yule bibi ulipakwa kinyesi. Dukani akawa anaambiwa kila kitu kimekwisha, na vitu anaviona. Ramadhani ikaingia, zile sahani za futari zinazotoka nyumba hii kwenda ile zikawa zinairuka nyumba yake. Akija kusali, wanawake wanasogea, safu inabaki na pengo kulia na kushoto kwake. Siku ya kumi na kitu mwanawe alikuja na gari ya mizigo. Nilimuona bibi akipita mbele ya msikiti, kakaa mbele na dereva, godoro lake nyuma. Aliniangalia, nikainua mkono kama mtu anayemuaga mgeni.

Watu walikuwa wakisema, "Shehe mwenyewe kasema upo." Hawakunisingizia. Nilisema.

Ndugu yangu unayesoma, nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba mtu akishasema kweli, dhima yake imekwisha. Kila neno nililowaambia wale wanne lilikuwa kweli, ningeweza kulitetea mbele ya mashekhe wangu wote. Lakini wale hawakuja kuulizia itikadi. Itikadi walikuwa nayo, wamekulia nayo. Walikuwa na suala la jirani: tumfanye nini yule bibi? Walilifunika kwa suala la itikadi, nami nikalijibu lililo juu nikaliacha lililo chini, na kuliacha kwangu ndiko kulikokuwa jawabu. Mtu anaweza kusema kweli tupu na akawa kashiriki katika dhulma, akijua anaulizwa nini akajifanya hakujua.

Maana "uchawi upo" ni neno moja, na "fulani ni mchawi" ni neno jengine kabisa. La kwanza linahusu dunia alivyoiumba Mola. La pili linahusu mtu, na mtu ana haki zake. Kuamini kwamba wezi wapo hakukupi ruhusa ya kumkamata anayepita. Jirani akidai kuku wake umemuiba wewe, kadhi atamtaka ushahidi, na asipokuwa nao atakuapisha wewe uende zako. Kwa kuku tunataka ushahidi. Kwa roho ya mtu tunatosheka na ndoto ya shangazi, macho mekundu, na neno "mtaona".

Wapo wanaofikiri kwamba kumtaja mchawi ni katika kuamini ghaibu, na anayetaka ushahidi imani yake ina kasoro. Mimi naona ni kinyume chake. Kuamini ghaibu ni kukiri kwamba kuna mambo yamefichwa kwako. Surat al-An'am, aya ya 59, inatufundisha kwamba funguo za ghaibu ziko kwa Mwenyezi Mungu, hazijui ila Yeye. Anayesema "namjua aliyefanya" na hana alichokiona wala ushahidi, huyo anadai kapata ufunguo.

Mtaniambia: mganga ndiye aliyemtaja. Na mganga kaambiwa na nani? Na jini lake. Haya, turudi tena kwa Nabii Sulaiman, Surat Saba, aya ya 14. Alifishwa hali kaegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu aliyowapa, hawana khabari. Mpaka mdudu wa ardhi akaila ile fimbo, akaanguka, ndipo wakajua. Wafasiri wengi wanasema mdudu huyo ni mchwa. Jini hakujua kama aliyesimama mbele yake ni maiti, akangoja apewe khabari na mchwa. Leo jini ajue nani kafukia nini chini ya mwembe wako, tena kwa shilingi elfu hamsini na kuku mweusi? Na mnajua hadithi aliyoipokea Muslim, juu ya mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, kwamba sala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Mtu anakesha Tarawehe kisha anazipeleka zote huko.

"Je, kama mtu angejua kwa yakini?" Hili niliulizwa na kijana mmoja baada ya darsa mwaka juzi, na ni suala zuri. Yupo mmoja aliyejua kwa yakini. Ni hadithi ya Bibi Aisha, Bukhari na Muslim wameipokea. Mtu aliyeitwa Labid bin al-A'sam alimfanyia Mtume (s.a.w.) uchawi, kwa kitana na nywele, akavitia kwenye kisima. Mtume akawa anadhani kafanya jambo, naye hakulifanya. Akaomba dua, akaomba tena. Kisha akaoneshwa: aliyefanya ni nani, kwa kitu gani, kiko kisima gani. Hapa hapana mganga wala ndoto ya mtu wa kawaida, ni wahyi. Jina analo, na mji uko chini ya hukumu yake, masahaba wanangoja neno moja tu.

Bibi Aisha akamuuliza kwa nini hakulitoa jambo lile hadharani. Jawabu lake, kwa maana yake, ni kwamba Mwenyezi Mungu ameshamponya, naye anachukia kuwachochea watu katika shari. Akaamrisha kisima kifukiwe.

Kilichofukiwa ni kisima. Labid hakuchomewa nyumba.

Hadithi hii nayo nilikuwa naijua ile jioni. Niliwatajia wale wanne, mpaka kitana, mpaka nywele, mpaka jina la Labid. Mwisho wake sikuwafikishia. Sijui kama nilisahau au muda ulikwisha, nikijitetea nasema muda ulikwisha.

Na msidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Kule Usukuma kuna bibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yale wameyapata kwa miaka ya kupikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na pa kutokea moshi. Kilifi, Kenya, dalili ni mvi, na mara nyingi wanaotuhumiwa ni wazee wanaume, na ukichunguza unakuta kuna shamba la kurithi. Wengine wamekimbia watoto wao wa kuzaa wakaenda kupata hifadhi Kaya Godoma. Sheria ya uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inamtia hatiani na yule anayemtuhumu mwenzake, wala haikutosha kuwaokoa. Mvi! Na sisi tumefundishwa kwamba kumheshimu Muislamu mwenye mvi ni katika kumtukuza Mwenyezi Mungu.

Kisha angalia neno lenyewe "mchawi" limetumiwa na nani katika Qur'an. Firauni, wale wachawi wake walipomuamini Musa, aliwaambia huyo ndiye mkubwa wenu aliyekufundisheni uchawi. Makureshi walimwambia Mtume wetu ni mchawi. Surat adh-Dhariyat, aya ya 52, inasema hakuna mtume aliyewajia wa kabla yao ila walimwita mchawi au mwendawazimu. Basi ukilisikia neno hilo linarushwa, angalia kwanza linatoka kwa nani na linamfikia nani.

Yule baba wa mtoto simchezei, Mungu shahidi. Mtoto kacheka Jumatatu, Jumatano kazikwa. Hospitali hawakumueleza kitu cha kueleweka. Kumwambia mtu katika hali ile "ni kadari" na kuondoka ni rahisi kwa aliye na watoto wake wote nyumbani. Jina la jirani linampa kitu cha kushika, mahali pa kuipeleka hasira yake. Ningekwenda kukaa naye usiku tatu nne bila ya kusema kitu, pengine lile suala lisingefika. Mimi nilimpa robo saa ya elimu.

Mwaka jana alinijia kuniomba dua. Mtoto wake wa baada ya yule naye aliugua, safari hii wakawahi hospitali, akapimwa, akaonekana ana selimundu. Sasa anahudhuria kliniki na anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Simaanishi kwamba ndiyo iliyomuua kaka yake, yule hakupimwa. Lakini baba yake alipomaliza kunisimulia alinyamaza, akawa anachezea tasbihi yangu. Hakutaja bibi. Na mimi sikutaja.

Basi wewe uliyenirushia ile sauti. Najua hukukusudia ubaya, pengine ulitaka nikwambie tu kama ni kweli. Ifute, na wale uliowapelekea waambie waifute, hata kama utaona haya. Usimjibu aliyekutumia kwa kubishana kama kiumbe kipo au hakipo, mtabishana mpaka alfajiri na picha inaendelea kutembea. Muulize habari moja tu: huyu bibi nani kamuona akifanya nini? Na kama kuna anayemjua huyu mama wa kwenye picha, au anakijua kile kibaraza, asiandike hapa wala kwenye kundi lolote. Aniandikie mimi peke yangu. Nataka sheha wake na imamu wa hapo kwao wapate khabari kabla ya ile sauti haijafika mtaani kwake, ikiwa haijafika. Ikiwa anakaa peke yake, mtu alale kwake siku hizi. Mpelekeeni futari, na muingie ndani muile pamoja naye, msiiache mlangoni.

Wanne mlio humu nimeshakuandikieni. Wawili wamefuta. Mmoja hajasoma. Mmoja kanijibu, "Shehe, mimi nimeogopa ile zamu." Nimemwambia asome Ayatul Kursi na al-Falaq na an-Nas alale, na zamu yake nimeichukua mimi.

Yule bibi wa miaka tisa yuko hai. Namba ya mwanawe nilikuwa nayo muda wote, imo ndani ya simu hii hii ninayokuandikieni. Nimempigia leo baada ya Alfajiri. Nilijitaja. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Njoo, shehe, lakini usije na watu." Nakwenda baada ya Alasiri, peke yangu. Tarawehe ya leo atasalisha naibu, nami sijui nitarudi saa ngapi.

Badr kesho, in shaa Allah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.